Kapteni wa Niger Pale Mchafukoge

Kuna watu wakidhulumiwa wanatukana. Wengine wanaenda kwa mjumbe, wengine wanaweka picha ya mshumaa kwenye WhatsApp na maneno ya "Mungu anaona". Celina alinunua samaki.

Alimnunua akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, rangi ya fedha, macho yanawaka kama ya paka aliyekuta jiko halina mtu. Kijana mmoja wa Mwanza alimleta ndani ya pipa lenye pampu ya hewa, pipa likisafiri kwa basi kama abiria mwenye tiketi. Wenzake wawili walifia Dodoma na inasemekana kondakta aliwapokea kwa moyo mkunjufu. Huyu mmoja akafika mzima. Celina akamtia kwenye simtanki nyuma ya nyumba yao Ilala, akafunika kwa wavu, akainama.

"Kula, baba," akamwambia. "Una kazi."

Mama yake alikuwa anaanua nguo. Akachungulia.

"Celina, huyu si sangara?"

"Ndiye."

"Wa kula?"

"Wa kulisha."

Mama akamtazama mwanawe, akalitazama simtanki, akaendelea kuanua nguo zake. Alikuwa ameshazaa watoto wanne, alijua kuna maswali ukiyauliza unaongezewa matatizo.

Ili kuelewa kwa nini msichana mwenye akili zake timamu anafuga sangara mjini, lazima turudi Mchafukoge, kwenye duka la samaki wa mapambo ambalo lilikuwa la watu wawili mpaka siku lilipokuwa la mmoja.

Kalpesh alikuwa na vioo, pampu, na fremu ya duka chini ya ghorofa la familia yao. Celina alikuwa na mikono na kichwa. Baba yake, mzee Leodegar, Mchaga wa sabuni za jumla pale Kariakoo, hakuelewa hata siku moja mtoto wake anauza nini. "Samaki asiyeliwa," alikuwa akiwaambia wateja wake, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Lakini duka lilikwenda. Kalpesh aliongea na wenye maofisi na mahoteli, Celina aliwafanya samaki waishi. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba ni nusu kwa nusu, kama watu wanaoaminiana wanavyokubaliana, yaani vibaya.

Ghorofani aliishi bibi yake Kalpesh, Harshida, ambaye familia nzima na nusu ya mtaa walimwita Ba. Kwa dini yao, nyumba ya Ba ilikuwa haijawahi kuingia nyama, samaki wala yai tangu ijengwe. Mende akionekana alisindikizwa nje juu ya kipande cha boksi, kwa heshima, kama mgeni aliyekosea mlango. Samaki wa dukani waliruhusiwa kwa sababu kazi yao ilikuwa kutazamwa tu, na mtazamaji mkuu alikuwa Ba mwenyewe. Kila asubuhi alishuka na tasbihi yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya vioo.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, beta, mwanangu. Leo yule mwenye mdomo mrefu amekula?"

Mdomo mrefu ndio uliomwingiza Celina matatani, maana ulimleta Mama Kadidia.

Mama Kadidia ni Mmali. Anauza vitambaa vya bazeni Kariakoo, vile vinavyong'aa mpaka anayevaa anatembea taratibu ili watu wamalize kutazama. Alipita dukani kutafuta zawadi ya mjukuu, akamwona kwenye kioo domodomo mmoja, samaki mweusi mwenye kidevu kirefu kama mkonga wa tembo, aliyeletwa kwa ndege kutoka Lagos. Akasimama.

"Huyu ni wa mto wetu," akasema. "Maji ya kwetu machafu, haoni kitu. Anatoa umeme kidogo mwilini, anapapasa nao njia. Wewe umempata wapi?"

Akavuta kiti cha Ba, akaketi, na siku hiyo bazeni haikuuzwa.

Mto Niger, kama hujawahi kuusikia ukisimuliwa na mwenyewe, ni mto mbishi. Unazaliwa kwenye milima ya Guinea, karibu kabisa na bahari. Mto wenye haraka ungeteremka, ukaoga chumvi, ukamaliza safari. Huu unaipa bahari mgongo. Unashika njia ya jangwani, kama mtu aliyesusa chakula cha nyumbani kwao. Ukifika katikati ya Mali unakuta tambarare, unalegea, unajitawanya kuwa vijito na mabwawa na vinamasi visivyo na idadi, ikawa delta ya bara, delta isiyo na bahari mbele yake. Unajikusanya tena, unapita ukingoni mwa Sahara pale Timbuktu, na hapo ndipo hasira zinashuka. Unapinda kama kiwiko. Unateremka nchi ya Niger, unaingia Nigeria, unaikuta ileile bahari uliyoikimbia, kwenye mikoko, umechelewa na umechoka.

"Na mafuriko yake ni ya ajabu," Mama Kadidia alisema. "Mvua inanyesha Guinea mwezi wa nane. Maji yanatembea, yanatembea. Timbuktu yanafika mwaka unaisha, jua kali, mbinguni hakuna hata wingu. Mgeni anauliza, maji haya yametoka wapi? Unamwambia ni ya mvua uliyoisahau."

Alimsimulia na majani ya burgu, yanayoota ndani ya maji ya delta na kurefuka kadiri mafuriko yanavyopanda. Samaki wanazaa humo. Watoto wao wanajificha humo wasiliwe. Maji yakishuka, ng'ombe wa Wafulani wanaingia kula majani yaleyale.

"Na maji yakishuka, wale wadogo wanaenda wapi?" Celina akauliza.

"Wanarudi mtoni. Na kapteni anajua. Anawangoja kwenye mdomo wa mfereji kama trafiki." Mama Kadidia akatoa simu, akamwonyesha picha ya mvuvi amekumbatia samaki mkubwa wa fedha.

"Mama, huyo ni sangara wa Ziwa Victoria."

"Mimi sangara simjui. Huyu kapteni. Tunamla na wali."

Tangu siku hiyo Celina hakuwa mtu wa kawaida tena. Alitaka kuujenga mto mzima ndani ya kioo. Alichora, akafuta, akachora. Mwaka ukaisha kioo kikiwa kimesimama, kirefu kama gari mbili za Noah zilizofuatana, maji yakitembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwanzoni mawe ya milima ya Guinea. Kati, delta iliyojaa majani marefu ya burgu, ambamo usingemwona samaki mpaka atake. Baadaye mchanga mweupe wa jangwa, kiwiko, maporomoko madogo, na mwisho mizizi ya mikoko. Ndani waliishi ngogo wanaoogelea chali, na domodomo aliowalea tangu wakiwa kama vijiti vya kiberiti. Aliwapa majina. Kulikuwa na Mwenyekiti, Bi Harusi, Konda, na mmoja mwoga aliyeitwa Komando.

Kalpesh alikuwa na lalamiko moja. "Mbona hakuna staringi? Mtu anatakiwa aone samaki mmoja aseme, duh. Tumtie yule kapteni wa Mama Kadidia."

"Kapteni kwenye kioo ni chui kwenye banda la kuku, Kalpesh. Atawala wote."

"Si tunamzoesha punje za chakula cha dukani?"

Celina alicheka. Alidhani ni utani.

Halafu likaja Jengo la Lulu, ghorofa jipya upande wa Mnazi Mmoja, likitafuta pambo la ukumbi wake wa chini. Meneja wake, dada mmoja wa suti anayeitwa Evelyn, alifika dukani kuutazama mto. Celina alikuwa amepiga magoti nyuma ya kioo, mikono imelowa mpaka mabegani, kitambaa begani. Akamsikia Kalpesh akieleza habari za Guinea na Timbuktu kwa maneno yake Celina, na vituo vyake, na hata kile kicheko anachocheka akifika kwenye "mto mbishi". Evelyn akavutiwa. Akamwona Celina akiinuka.

"Na huyu?"

"Huyu ni dada anatusaidia kubadilisha maji," Kalpesh akasema.

Hakumtazama usoni alipolisema. Celina akajifuta mikono kwa kitambaa. Kuna matusi yanayofika na ganzi yake, unayasikia vizuri siku ya tatu.

Siku ya tatu ilimkuta kwenye mlango wenye kufuli jipya.

"Celina, tusizinguane," Kalpesh alimwambia kupitia nondo. "Kioo changu. Duka langu. Umeme wangu. Wewe ulichora tu."

Alikwenda kwa baba yake. Mzee Leodegar akasikiliza mpaka mwisho, akapanga katoni mbili, akasema, "Nilikwambia uuze sabuni. Sabuni haina wazo la kuibiwa." Hiyo ndiyo pole aliyopewa.

Watu wakamshauri apeleke kesi. Wengine wakamshauri asamehe, hasa wale ambao hawakuibiwa kitu. Celina aliwaitikia wote vizuri, akawashukuru, akaenda kutafuta namba ya yule kijana wa Mwanza. Hakuitaka fidia. Alitaka Kalpesh asimame kwenye ukumbi uleule wa Lulu, mbele ya watu walewale, na mto umgeuke mikononi. Akili yake ilikuwa imeshika jambo moja tu la yale aliyosimuliwa: maji yanaweza kufika wakati hakuna wingu. Akikutana na Kalpesh njiani alimsalimia.

"Mambo, Kalpesh?"

"Poa, Celina. Umesharelax?"

"Kabisa."

Na Kalpesh, masikini, akaamini.

Sangara alikua. Anayejua Ziwa Victoria anajua samaki huyu alivyofanya alipopelekwa kule, furu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwa, wakapukutika mpaka wataalamu wakabaki kuhesabu majina. Niger ni kwao, amekua na samaki wa huko tangu enzi, na wadogo wana majani yao na majira yao, ndiyo maana hawajaisha. Celina alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Alimlisha dagaa asubuhi na jioni. Sangara alipofikia urefu wa kandambili ya mwanaume, Celina alimtafuta Shomari.

Shomari ni dalali. Ukitaka fremu, mashine ya kusaga, kiwanja Chanika au mchumba, Shomari anamjua mtu. Alimtazama sangara, akamtazama Celina.

"Sista, huyu mimi nikimtazama namwona na ndimu."

"Wewe utamwona kapteni wa mto Niger. Na si uongo, ndiye yeye. Usimwambie Kalpesh neno lolote la uongo. Akikuuliza anatoka wapi, mwambie swali gumu hilo."

"Na akimtambua?"

"Atamtambulia wapi? Kwao samaki hajawahi kuvuka kizingiti."

Kalpesh alipodokezwa kwamba staringi wake kapatikana, alikuja kumwona kwa Shomari, uani, jioni moja. Asubuhi ile Celina alikuwa amemshibisha sangara dagaa mpaka akawa anaogelea kwa kujilazimisha. Kabla ya hapo alikuwa amemfundisha kwa wiki kadhaa kudonoa punje, kwa kuzipaka mafuta ya dagaa. Shomari akarusha punje mbili. Sangara akazidonoa kwa adabu, kama mtu wa benki.

Kalpesh akatoa simu, akaandika "kapteni Niger", zikaja picha za wavuvi wa Mali na samaki yuleyule. Akaridhika. Angeshuka mistari miwili chini angekuta Ziwa Victoria na Mwanza na kila kitu, lakini Kalpesh alikuwa mtu wa picha.

"Kuna mtu aliniambia huyu anakula wenzake," akasema.

"Umemwona anachokula."

Kalpesh akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyegundua jambo. "Ni malezi tu. Mimi hapa sijawahi kuonja nyama na sitamani hata harufu yake. Ukilelewa na punje, unakuwa wa punje."

"Kabisa, bosi," Shomari akasema, na huo uso wake mkavu alikuja kumwigizia Celina mara nyingi baadaye. "Malezi."

Wakakubaliana samaki ataletwa siku chache kabla ya uzinduzi. Kioo kilikuwa kimeshahamishiwa Lulu. Shomari alikwenda kupatazama, akarudi Ilala na taarifa.

"Ameng'oa majani yote. Anasema yanafanya kioo kionekane shamba la mpunga. Ndani ni peupe, sista, unaona mpaka ukuta wa pili."

Celina alikuwa anakunywa chai. Mkono ukasimama.

Hilo hakulipanga. Alikuwa amehesabu kwamba kwenye majani watakaokufa ni wachache, wa kutosha aibu tu, wengine watajificha delta kama wanavyojificha kwao. Sasa hapakuwa na delta. Alimfikiria Komando, ambaye hata pampu ilimtisha. Alimfikiria Bi Harusi. Angeweza kumwambia Shomari avunje biashara, ilikuwa simu moja tu. Halafu akasikia tena, karibu kabisa na sikio, "dada anatusaidia kubadilisha maji".

Alimaliza chai yake, akaosha kikombe.

"Mpelekee," akasema. "Na tangu leo sitamlisha."

Sangara akaingia Jengo la Lulu akiwa na njaa ya siku kadhaa. Siku hiyohiyo Evelyn akaamuru kioo kifunikwe kwa kitambaa cheusi, ili wageni washtukizwe. Kalpesh alikuwa mbio na mafundi wa taa na watu wa vitafunwa. Alichokifanya ni kuinua pembe ya kitambaa kwa juu, kumwaga punje, na kuchungulia gizani. Hakuona domodomo. Akakumbuka kwamba domodomo hupenda giza, jambo alilofundishwa na Celina, akatulia.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Walikuwepo wafanyabiashara wa Kariakoo, watu wa mabenki, waandishi wachache waliofuata sambusa. Ba aliletwa na kuketishwa mbele kabisa, amevaa sari nyeupe. Mama Kadidia alikuja na bazeni ya kijani iliyowalazimisha watu kumpisha. Celina ndiye aliyemkaribisha, bila kumweleza kitu. Yeye mwenyewe alisimama nyuma, karibu na mlinzi wa zamu, kaka mmoja aliyeitwa Severine. Ukutani kulikuwa na kibao cha shaba: MTO NIGER, UMEBUNIWA NA KALPESH.

Kalpesh akahutubia. Akasema ni mto mbishi. Akacheka kile kicheko. Kitambaa kikaanguka.

Maji yalikuwa masafi kama dirisha la benki. Taa zilimulika mawe, mchanga, mizizi. Watu wakasogea, wakainama, wakatafuta. Hapakuwa na kinachotembea.

Halafu kutoka upande wa mikoko akaja mmoja. Alikuja bila haraka, tumbo limemtangulia, akapita jangwani, akapanda mpaka pale palipokuwa na delta, akasimama mbele ya wageni. Mdomoni ulitokeza mkia mweusi mwembamba, ukitikisika kidogo. Akameza. Mkia ukaingia.

Celina aliujua ule mkia. Aliulea tangu ukiwa kama kijiti cha kiberiti.

"Sangara huyo," Severine akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Yeye alizaliwa Ukerewe. "Mbona mmemweka humo?"

Mtu mmoja akauliza ugali unakuja saa ngapi. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kikipokewa na kila mstari.

"Jamani, huyu ni kapteni," Kalpesh akasema. "Samaki wa mto Niger, mfalme wa mto."

"Kweli, kapteni," Mama Kadidia akasema, na Kalpesh akamtazama kwa shukrani. "Kwetu yuko kila soko. Lakini wenzake wako wapi?"

"Wamejificha, mama."

"Wamejificha wapi? Majani yao umeyapeleka wapi?"

Kalpesh akafungua mdomo. "Huyu hali samaki. Amelelewa na punje."

Hapo ukumbi ukapasuka. Simu zikainuliwa juu. Mwandishi mmoja aliacha sambusa ikaanguka. Na sangara, kama aliyeombwa maelezo, akageuka ubavu akaonyesha tumbo lake lote kwa umma.

Evelyn hakucheka. Alimsogelea Kalpesh, akasema taratibu, lakini watu walikuwa wamenyamaza kusikiliza. "Nieleze. Nani ametengeneza kitu hiki?"

Kalpesh akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba inayoungua. Akamwona Celina. Na kwa sababu ni mtu wa kushika kilicho karibu, akakishika.

"Yeye. Yule pale nyuma. Yeye ndiye aliyetengeneza, muulize yeye."

Vichwa vyote vikageuka. Celina alikuwa ameungoja mgeuko huo tangu siku ya kufuli, na sasa ulipofika hakuukimbilia. Alitembea mpaka mbele.

"Sijasikia vizuri, Kalpesh. Nani ametengeneza?"

"Wewe."

"Mto wote?"

"Mto wote."

"Na mimi niliweka majani. Nani aliyang'oa?"

Kalpesh akajifuta uso. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kwenye kola.

"Mimi nabadilisha maji tu," Celina akamwambia Evelyn. "Lakini ukitaka mto, mimi ndiye ninayeujua."

Kalpesh alimfuata mlangoni watu walipokuwa wanatawanyika. "Shomari ni mtu wako," akasema. "Samaki alikuwa wako."

"Shomari ni dalali, Kalpesh. Dalali ni wa kila mtu. Wewe ulimtaka kapteni, umepewa kapteni. Mimi nilikukataza, umesahau?"

"Umeniua, Celina."

"Bado unaongea."

Alipotoka nje alikuwa anatembea kama amevaa bazeni.

Kesho yake video ilikuwa imezunguka Kariakoo yote. Wapiga debe walimwita Kalpesh "Malezi", na mzee Leodegar, kwa mara ya kwanza maishani, aliwaambia wateja wake kwamba mtoto wake anahusika na samaki. Kibao cha shaba kikang'olewa. Evelyn akampigia Celina: mto ni wake, autengeneze upya, jina lake litawekwa. Celina akaenda asubuhi hiyohiyo, na Shomari nyuma yake amebeba ndoo, akiigiza uso wake mkavu kwa kila aliyekutana naye kwenye ngazi.

Wakamkuta Kalpesh ameshafika, pipa la bluu miguuni, anahangaika na wavu. Tatizo lake lilikuwa linajulikana mtaa mzima. Sangara yule alikuwa na wateja kibao, na wote walikuwa wanamtaka kwa kilo. Kwa upande wa kuuawa, Ba alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha mlinzi, na palipo na Ba hakiuawi kitu.

"Shikamoo, Ba," Celina akasema.

Ba alikuwa anakitazama kioo. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini vidole havikutembea.

"Mchukue wewe," Kalpesh akasema bila kuinua macho. "Nakuomba. Nyumbani hatuwezi. Ni lazima ale viumbe, Celina. Kila siku."

Celina alikuwa ameliwazia swali hilo tangu zamani, na jibu alikuwa ameshalipika likaiva.

"Mlee na punje," akasema.

Shomari akacheka, akajikohoza.

"Atakuja kwetu," Ba akasema. Hakupaza sauti. "Juu ya paa kuna tanki. Kalpesh atamnunulia chakula chake sokoni, kwa mkono wake, na atakipandisha kwa ngazi, na mimi nitakinusa kikipita mlangoni kwangu mpaka mmoja wetu afe, mimi au samaki. Amekuja kwetu ana uhai. Tutamfukuza kwenda wapi?"

Kalpesh akafumba macho. Hata Celina mwenyewe asingebuni adhabu kamili kiasi hicho, na kwa dakika moja moyo wake ulishiba kabisa. Alimwona Kalpesh, miaka na miaka, na mfuko wa dagaa kwenye ngazi zile safi. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Celina," Ba akaita. "Ulijua angewala wale wadogo?"

"Nilijua."

"Wale wa mdomo mrefu. Uliokuwa unanionyesha mimi wakila."

"Ndiyo, Ba."

Ba akainuka, akishikilia ukuta. Kalpesh akataka kumsaidia, Ba akamkwepa.

"Huyu ni mwizi," akasema, akimwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Nimemwambia jana, leo nimemwambia, na kesho atasikia tena. Kitu chako alikiiba, kweli. Lakini hakuua."

Akaanza kutembea. Mjukuu akamfuata na pipa, maji yakimwagikia viatu, na ndani ya pipa sangara akipiga mkia.

"Ba, shikamoo," Celina akasema tena, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kumuaga mkubwa wake, na kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa bado inaning'inia hewani.

Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, ukafungwa wenyewe.

Celina alibaki amesimama. Kwa Kalpesh alikuwa na majibu ya mwaka mzima, yamepangwa kama katoni za sabuni.

"Sista," Shomari akasema, akitua ndoo. "Umeshinda, mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Basi cheka."

"Washa pampu, Shomari."

Shomari akawasha. Maji yakatikisika, yakaanza safari yake, yakayaacha mawe ya Guinea, yakapita uwanda mtupu uliokuwa delta, yakapinda kiwiko, yakateremka mikokoni. Celina akakunja mikono ya blauzi mpaka mabegani, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye mchanga akitafuta kwa vidole kama ipo mizizi ya burgu iliyosahaulika. Mto ulikuwa wake wote sasa. Ulimpita mkononi, safi kabisa, na ndani yake hakukuwa na wa kula wala wa kuliwa.